Mtoto Akirudi na Mnyama Aliyeumia, Tumwambie Nini?

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wazazi, walezi na walimu, Chanji, Manispaa ya Sumbawanga)



Niliombwa nizungumze juu ya malezi. Mada za malezi ni nyingi, na mengi mmeshayasikia katika semina zetu: utoro, lishe, mimba za utotoni, ajira za watoto. Leo nimechagua jambo ambalo halimo katika ratiba ya semina yoyote, lakini hapa Chanji na katika vijiji vyote vya Ufipa linatokea. Ni pale mtoto anapokuta mnyama wa porini aliyeumia, akamhurumia, akarudi naye nyumbani.

Chukueni mfano huu. Mtoto wa darasa la tatu ametumwa kuni. Njiani anakuta wenzake wanampiga mawe bundi aliyevunjika bawa. Anawazuia, anamfunika yule bundi kwa sweta lake la shule, anamleta mpaka mlangoni. Nauliza: mtu mzima wa kwanza kumwona atasema nini?

Majibu tunayoyafahamu ni matatu. La kwanza: "Tupa huko, mkosi huo!" La pili, ikiwa kilicholetwa ni sungura au kanga: "Leo tumepata mboga." La tatu ni kicheko: "Mwanaume mzima unalilia ndege?" Lipo jibu la nne, nalo ni la nadra: "Umemkuta wapi? Ameumia wapi? Na wewe, amekuuma?" Kusudi langu leo ni tutoke hapa jibu hilo la nne likiwa midomoni mwetu.

KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Mtoto yule amefanya mambo matatu. Ameyaona maumivu ya kiumbe kisichoweza kusema. Ameacha shughuli yake. Tena amethubutu kusimama peke yake mbele ya wenzake wenye mawe mikononi. Ndugu wazazi, hayo matatu ndiyo tunayoyatamani kwa watoto wetu kila siku. Moyo huo huo ndio utakaomfanya kesho amtetee mwenzake anayeonewa shuleni, na keshokutwa amuuguze mama yake bila kuchoka.

Kinyume chake nacho kinajulikana. Wataalamu wa malezi na wa masuala ya uhalifu katika nchi mbalimbali wameona kwa miaka mingi kwamba ukatili kwa wanyama na ukatili kwa watu mara nyingi hukaa nyumba moja. Mtoto anayefurahia kumchoma paka kwa moto anahitaji kuangaliwa mapema, na wakati mwingine naye anatendewa ukatili na mtu mzima.

Kwa sisi tunaosoma Maandiko, sheria ya Musa katika Kutoka 23 inamwamuru mtu amsaidie punda aliyelala chini ya mzigo, hata kama punda huyo ni wa adui yake. Ugomvi wa wenye mali haukupewa nafasi ya kumwacha mnyama ateseke. Na wazee wa Ufipa nao hawakuona kila mnyama kuwa nyama tu. Msomi Roy Willis, aliyefanya utafiti katika nchi hii miaka ya 1960, aliandika kitabu kiitwacho Man and Beast kilichotoka mwaka 1974, na humo anaeleza nafasi ya pekee ya chatu katika mila za Wafipa. Sisemi turudi kwenye matambiko. Nasema kwamba kumtazama mnyama kwa heshima hakukuletwa na wageni.

WATOTO WAWILI WALIOZALIWA MWAKA 1934

Mwaka 1934 walizaliwa watoto wawili wa kike katika nchi mbili tofauti. Wote wawili walipenda wanyama tangu wakiwa wadogo sana, na wote wawili hawakuzimwa na wazazi wao.

Wa kwanza ni Jane Goodall, aliyezaliwa London, Uingereza. Kabla hajatimiza miaka miwili alichukua minyoo ya bustanini akalala nayo kitandani. Mama yake alipoikuta hakupiga kelele. Alimweleza mtoto kwa upole kwamba minyoo ile ingekufa isipopata udongo, na wakairudisha bustanini. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi alijificha bandani kwa saa nyingi ili aone kuku anavyotaga, watu wa nyumbani wakahangaika kumtafuta. Aliporudi amejaa nyasi kichwani, mama yake aliketi akamsikiliza asimulie yai lilivyotoka.

Mtoto huyo ndiye aliyefika Gombe, mkoani Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, kuwachunguza sokwe. Gombe iko kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa lile lile la ndugu zetu wa Kasanga na Kipili. Na mama yake yule wa minyoo alifuatana naye katika miezi ya kwanza porini. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall alianzisha na wanafunzi 12 wa sekondari mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi, ambao umeenea katika nchi nyingi duniani. Alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Wa pili ni Daphne Sheldrick, aliyezaliwa na kukulia Kenya. Akiwa bado hajaanza shule alipewa mtoto yatima wa mbawala, wazazi wakamruhusu amlee. Alipokuwa mtu mzima aliolewa na David Sheldrick, mhifadhi wa Tsavo Mashariki, na maisha yake yote aliyatumia kulea watoto wa tembo na vifaru walioachwa yatima. Kituo alichokianzisha kwa kumbukumbu ya mumewe aliyefariki mwaka 1977 kipo mpaka leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hadi anafariki mwaka 2018 tembo yatima zaidi ya 200 walikuwa wameokolewa.

Ninawataja hawa kwa sababu nyingine pia: safari ya Bibi Sheldrick inatufundisha kwamba huruma peke yake haitoshi. Kwa miaka mingi watoto wachanga wa tembo walimfia mikononi, maana maziwa ya ng'ombe hayawafai. Ilimchukua muda mrefu wa kujaribu na kushindwa mpaka akagundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta yaliyomo katika maziwa ya tembo. Tena miaka ya 1970 alimlea mtoto wa tembo aitwaye Aisha, akamzoea yeye mmoja tu. Bibi Sheldrick aliposafiri kwenda kwenye harusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akafa. Tangu hapo watunzaji hupokezana zamu, ili tembo asimzoee mtu mmoja, na lengo likawa kumrudisha Tsavo kuishi na wenzake. Huruma yake ilipata maarifa, ndipo ikaanza kuokoa.

HABARI YA BUNDI NA MKOSI

Sasa turudi kwa yule bundi mlangoni. Sisi tunaishi katika mji ambao watu hueleza jina lake kuwa ni "tupa uchawi". Tunajua wenyewe hofu inavyoweza kuendesha mtaa. Mtoto akionekana na bundi, jirani mmoja akisema neno, jioni neno hilo limefika kisimani, na kesho mtoto anaitwa jina baya shuleni. Hili ni jambo la hatari. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa kuwa na macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kuni. Jamii inayoweza kumfanyia hivyo bibi kizee haishindwi kumtenga mtoto kwa ajili ya ndege.

Bundi ni ndege anayewinda usiku. Anakaa karibu na nyumba zetu kwa sababu panya wako karibu na nyumba zetu. Panya hao wanafukua mbegu za mahindi shambani na kutoboa magunia ghalani, na kila mkulima hapa anajua hasara yake. Ukimuua bundi umemfukuza mlinzi wa ghala lako asiyedai mshahara. Analia usiku kwa kuwa ndio wakati wake wa kazi na wa kumwita mwenzake. Nawaomba walimu na viongozi wa mtaa walisemee jambo hili waziwazi, ili mtoto mwenye huruma asije akalipa gharama ya hofu za watu wazima.

HABARI YA MBOGA

Hapa niseme kwa heshima. Familia inayokula nyama mara moja kwa mwezi haiwezi kulaumiwa ikimwona sungura ikafikiria chungu. Lakini naomba mtafakari mambo mawili.

La kwanza, mnyama wa porini anayekubali kushikwa na mtoto ana sababu. Pengine amevunjika mguu, lakini pengine ni mgonjwa au amekula sumu iliyotegwa shambani. Nyama ya mnyama wa namna hiyo inaweza kuleta msiba katika nyumba nzima.

La pili, mtoto alimleta yule mnyama akituamini. Akienda shule, akarudi akamkuta ndani ya sufuria, atajifunza kwamba watu wazima ndio wa kufichwa. Siku atakapokuwa na jambo zito zaidi, ameguswa vibaya na mtu au ameumwa na mbwa, hataleta mlangoni tena.

HURUMA NA USALAMA

Ndugu zangu, simaanishi kwamba watoto waachwe wakumbatie kila mnyama. Hatari zipo, na ni lazima tuzitaje.

Kichaa cha mbwa ndicho cha kwanza. Virusi vyake hukaa katika mate, na hupita kwa kung'atwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu 40 kati ya kila 100 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Lakini ukiwahi, unazuilika. Mbweha, kicheche au nyani aliyepoteza woga wa watu, anayeyumba au anayetoka mchana pasipo kawaida yake, mtoto asimsogelee hata kama anatia huruma.

Popo nao wasishikwe kabisa. Mkoani Kagera ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na popo wala matunda wanajulikana kubeba virusi vyake. Nyoka sihitaji kuwaeleza.

Magonjwa hupita upande wa pili pia. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwashambulia sokwe wa Gombe, na watafiti wakalazimika kuwapa chanjo iliyowekwa ndani ya ndizi. Kwa hiyo kumkalia mnyama mbali ni sehemu ya kumhurumia. Msitu wa Mbizi, hapo juu ya mji wetu, una mbega wekundu. Ukimpenda mbega, mwache juu ya mti wake.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Wengine wakisikia hivyo wanaogopa kutoa taarifa, wakidhani wataitwa majangili. Njia salama ni kutoa taarifa mapema. Siku hiyo hiyo mweleze mwenyekiti au mtendaji wa mtaa mbele ya shahidi, naye awasiliane na afisa wanyamapori au afisa mifugo. Aliyetoa taarifa saa ile ile anaeleweka kirahisi kuliko aliyekutwa na mnyama wiki mbili baadaye.

HATUA ZA KUFUATA

Mtoto akikuta mnyama au ndege aliyeumia, tuwafundishe yafuatayo:

1. Asimame mbali kwanza, aangalie. Mtoto wa mbawala au wa paa aliyelala peke yake kwenye nyasi mara nyingi hajaachwa. Mama yake amemficha akaenda kula, na atarudi. Ukimchukua, wewe ndiye uliyemfanya yatima.

2. Kinda la ndege lililoanguka lirudishwe kwenye kiota kama kinafikika. Imani kwamba mama atalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu si kweli kwa ndege walio wengi.

3. Amwite mtu mzima. Mtoto asimshike mnyama anayeng'ata. Ndege mkubwa kama bundi au mwewe ashikwe na mtu mzima kwa kumfunika kitambaa kizito, maana kucha zake ni kali.

4. Ndege awekwe kwenye boksi lenye matundu, mahali penye giza, ukimya na joto. Kwetu huku juu, baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaweza kumuua kabla ya jeraha. Watoto wasikusanyike kumchungulia. Kwake yeye sisi ni adui, na hofu peke yake inaweza kumuua.

5. Asilazimishwe kunywa maji wala maziwa. Kumimina maji mdomoni mwa ndege ni kumzamisha.

6. Kila aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje aone kama kitavimba. Muulizeni mganga kuhusu chanjo, kwani si kila zahanati huwa nayo.

7. Taarifa itolewe kwa uongozi wa mtaa kama nilivyoeleza.

MNYAMA AKIFA

Hapa ndipo wazazi wengi tunapopata kigugumizi. Ukweli ni kwamba wanyama wengi wanaoletwa majumbani hawaponi. Bawa lililovunjika vibaya halirudi, na wakati mwingine afisa mifugo ataona ni heri kumpumzisha. Asubuhi mtoto anaamka anauliza, "Yuko wapi?"

Tusimdanganye kwamba ameruka usiku. Mtoto atakuja kujua, na atajua pia kwamba baba alidanganya. Tumwambie: "Amekufa. Alikuwa ameumia sana. Lakini hakufa kwa mawe, alikufa mahali pa joto, na ni wewe uliyefanya hivyo." Mpeni jembe achimbe shimo. Akilia, alie. Mtoto aliyezika ndege kwa heshima amejifunza jambo ambalo sisi watu wazima tunalihitaji msibani kila mara: kwamba kumhudumia asiyepona si kazi bure.

Na mkisema mtoto wa kiume halii, nitawauliza: yule mliyemzuia asilie kwa ajili ya ndege, mnatarajia ajifunzie wapi kumlilia mke na watoto?

CHANZO CHA MAJERAHA

Kabla sijamaliza, tujiulize wanyama hawa wanaumizwa na nini. Wengi wanaumizwa na mikono yetu. Kila kiangazi nyasi za uwanda huu zinachomwa, na mara nyingine wanaowasha ni watoto wanaotafuta panya. Mitego ya waya inatupwa na kusahaulika. Manati hutumika kama mchezo. Mbwa hawajachanjwa na wanazurura. Mtoto mmoja mwenye huruma hawezi kuokota wote tunaowajeruhi.

Wapo pia wanyama wanaotuumiza. Nyani wanakula mahindi, chui anabeba mbuzi. Huruma haimaanishi kuwaachia. Huko Kitengela, karibu na Nairobi, kijana wa Kimasai aitwaye Richard Turere alikuwa akiwachukia simba kwa kula ng'ombe wa baba yake. Akiwa bado mtoto, alitengeneza taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka zizi, kwa kutumia betri kuukuu ya gari na paneli ya jua. Simba waliogopa, ng'ombe wakapona, na simba nao hawakuuawa. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza ulimwengu ugunduzi huo. Mtoto akipewa nafasi ya kufikiri, anaweza kupata njia ambayo watu wazima hawakuiona.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo manne yasiyohitaji mfadhili:

(a) Kila shule iwe na boksi moja lenye matundu na jozi ya glovu nzito, na mwalimu mmoja aliyekubali kuitwa.

(b) Namba za simu za afisa mifugo na afisa wanyamapori zibandikwe ukutani, ofisi ya shule na ofisi ya mtaa.

(c) Mbwa wote wa mtaa wachanjwe. Wataalamu wanasema wakichanjwa 70 kati ya kila 100, kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

(d) Kabla ya kiangazi kila mzazi akae na watoto wake azungumze juu ya moto na mitego.

La tano halina gharama kabisa, nalo ni lile jibu la nne. Mtoto atakapokuja mlangoni na kitu kimefunikwa kwa sweta, jambo la kwanza weka chini ulichoshika, kisha umuulize: "Umemkuta wapi? Ameumia wapi? Na wewe, amekuuma?" Mengine yatafuata.